Binti kachaguliwa udaktari wa watu na udaktari wa mifugo, namba ya kuthibitisha iko kwenye simu yangu. Nifanyeje?

Mzee wa Nondo

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu ni msomaji tu, kuandika si kazi yangu, ila leo limenifika shingoni.

Nina binti, kifungua mimba wangu, kamaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi ya PCB. Julai matokeo yakatoka: Divisheni Two ya pointi 10. Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D. Mimi nikachinja jogoo. Mama yake akalia, na hakikuwa kilio cha furaha, yeye alishajihesabia One. Toka mtoto yuko darasa la tano nyumbani haitwi jina lake, anaitwa Dokta.

Wakati wa kuomba vyuo binti alikuwa kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, simu hana. Kwa hiyo nilijaza mimi, hapa kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi, Makambako, kwa simu yangu na namba yangu, kijana wa steshenari akinielekeza. Nikaomba udaktari vyuo vitatu. Jumapili moja binti akapiga kwa simu ya kuazima, mbio mbio: "Baba shikamoo, weka na SUA, BVM, usisahau, B-V-M." Ikakatika. Nikaweka. Sitawaficha, nilidhani ni mambo ya biashara.

Awamu ya kwanza ya udahili imetoka. Vyuo viwili kakosa. Kapata MD, udaktari wa watu, chuo kimoja binafsi Dar, ada milioni 6 na ushee kwa mwaka, miaka mitano. Na kapata hiyo BVM ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, ambayo ndipo nimekuja kuelezwa kuwa ni udaktari wa mifugo. Nayo miaka mitano.

Dirisha la kuthibitisha linafungwa siku nne zijazo. Mke wangu anasema thibitisha MD usiku huu, yaishe, tukianza vikao tutakosa vyote. Binti karudi wiki iliyopita, mweusi tii, anaamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa na kukunja shuka kama daftari. Kila jioni ananiuliza, "Baba, SUA wamejibu?" Mimi namwambia bado.

Siku ya tatu leo namwambia bado. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Kijiwe Namba Nne

Nimevuta kigoda nakaa mbele. BVM mambo ya biashara! Mzee umenivunja mbavu, samahani, najua una shida.

Dada wa Dirishani

Pole baba. Nimekaa ofisi ya udahili miaka kadhaa, ngoja nikuwekee sawa ya kiufundi, ya moyoni watakuja wengine.

Aliyechaguliwa chuo kimoja hana cha kuthibitisha. Aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima aseme anakwenda wapi: anaingia kwenye akaunti aliyoombea, ya chuo anachokitaka, anaweka ile namba ya siri iliyokuja kwa meseji. Basi. Akinyamaza mpaka dirisha lifungwe, anapoteza, halafu aanze upya na wanaogombea mabaki. Kwa hiyo mkeo kwenye hofu ya muda hajakosea. Usisubiri siku ya mwisho, mfumo unalemewa na meseji zinachelewa.

Usimpe mtu namba hiyo, hata huyo kijana wa steshenari. Kila mwaka kuna mtoto anakuja analia, kathibitishiwa chuo asichokijua.

Lingine dogo. TCU, wasimamizi wa vyuo vikuu, huwa wanaweka hadharani orodha ya waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja. Binti akipata bando la mia tano tu, ameshajua.

Mkweli Daima

Mzee usiyumbishwe. MD ni MD. Mtoto wa miaka kumi na tisa anajua nini kuhusu maisha? Mimi nilitaka uandishi wa habari, marehemu baba akanipeleka uhasibu kwa fimbo. Leo nakula, nalala, na watoto wanasoma. Wewe ndiye mlipa ada. Thibitisha, atakushukuru.

Dada wa Dirishani

Mkweli, hao waliopelekwa kwa fimbo nawaona mimi. Muhula wa kwanza haujaisha wako dirishani wanataka kuahirisha au kuhama, na bodi ya mikopo imeshawalipia, na kitanda cha hosteli kimeshaandikwa jina lao. Wewe ulitulia. Wako wasiotulia.

Baba Pacha

Mzee wa Nondo, mimi nimepita njia hiyo, tena na chuo binafsi. Kijana wangu yuko mwaka wa nne MD. Sijutii, nasema mapema. Ila piga hesabu kama unapiga za duka: milioni 6 mara tano ni 30. Hapo hajala, hajalala, hajanunua hata kalamu. Ongeza chumba cha Dar, ongeza nauli, ongeza mwaka mmoja wa mafunzo kazini baada ya digrii ndipo asajiliwe.

Mwaka wa pili biashara yangu iliyumba, ada ikabaki nusu, mtoto akazuiwa kuingia kwenye mtihani. Alinipigia akiwa nje ya ukumbi. Nikauza kiwanja Dodoma kwa bei ya kutupa. Una kiwanja? Na mkeo anajua kwamba ndicho kitakachoenda? Kaeni mlizungumze hilo, kwa sababu mara nyingi anayesema "MD" na anayesaini hundi si mtu mmoja.

Mzee wa Nondo

Kiwanja ninacho kimoja. Mkopo tumeomba, cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, kila kitu kimekamilika. Shemeji yangu naye aliahidi kusaidia.

Bumu Limetoka

Shikamoo mzee. Mimi niko mwaka wa pili, si MD. Ngoja nikwambie jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: majina ya mkopo yanatoka baada ya dirisha la kuthibitisha kufungwa. Unachagua chuo kwanza, halafu ndiyo unajua bodi imekupa nini. Kwa hiyo usipige hesabu ukiwa umeshaweka mkopo mfukoni. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kula na malazi, ni elfu 10 kwa siku, hilo likija linasaidia. Ada ni habari nyingine, bodi wanaangalia uwezo wa familia, na mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi sijui watamwonaje. Usitegemee imalize ada ya chuo binafsi.

Ahadi ya shemeji sitaigusa, mimi ni mtoto.

Kijiwe Namba Nne

Ahadi za shemeji huwa zinaisha siku ya sherehe ya kumuaga mtoto.

Tabibu wa Zizi

Nimeitwa na rafiki nije kwenye uzi huu. Mimi ni daktari wa mifugo, zao la Sokoine, niko Iringa.

Sitakupamba. Ajira za serikali zinatoka kwa mafungu, mimi nilikaa miaka miwili nauza dawa za kuku na minyoo kwenye duka la mtu kabla sijapata. Saa nane za usiku unapigiwa simu, ng'ombe ameshindwa kuzaa, unakwenda na bodaboda kwenye tope, na mwenye ng'ombe anakuambia hana hela mpaka auze maziwa. Kuna ndugu mpaka leo wananiuliza "wa watu utasomea lini?"

Upande wa pili sasa. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na wewe uko mkoa wa Njombe, ambako ng'ombe wa maziwa wako uani kwa watu. Uliza jirani yako, ng'ombe wake akipata homa ya ndigana anamwita nani. Nyama unayokula imepigwa muhuri na nani machinjioni? Kimeta, kichaa cha mbwa, ile homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 iliyoua watu, yote inaanzia kwa wanyama, kwetu. Kuna maabara, viwanda vya chakula, utafiti, hifadhi za wanyamapori. Na ukishasajiliwa na Baraza la Veterinari unaweza kufungua kliniki yako, hakuna wa kukuajiri wala kukufukuza.

Kuhusu mtoto wa kike, darasani kwetu mwenzetu mmoja mwembamba ndiye tuliyekuwa tunamtafuta ndama akikaa vibaya tumboni. Mkono wangu mimi haupiti. Wake ulikuwa unapita mpaka begani, anafumba macho, anapapasa, anasema "huu ni mguu wa nyuma," anaugeuza. Nimesahau mengi ya chuo, hilo sijasahau.

Na kwa taarifa ya mama, tulikuwa tunaitana dokta toka mwaka wa kwanza.

Mzee wa Nondo

Ahsante sana daktari. Swali kwa Dada wa Dirishani: akiacha vyote, awamu ya pili anaweza kupata MD chuo cha serikali? Pale ada ni nafuu.

Dada wa Dirishani

Kwa hizo alama zake, baba, udahili unahesabu kivyake, si zile 10 za matokeo, unampa 8: C mbili ni 3 na 3, D ni 2. Kiwango cha chini anakifikia, ila MD ya serikali haijazwi na waliofikia kiwango cha chini, inajazwa kutoka juu kushuka. Kinachobaki awamu ya pili ni kidogo mno. Usitupe kilicho mkononi.

Mama Nasra wa Tanga

Nimesoma uzi wote. Kila mtu kamzungumza baba na mtoto. Mama je? Kwa nini anautaka huo udaktari kiasi hicho? Umemuuliza, kaka yangu, au umemchukulia tu kuwa mkaidi?

Mzee wa Nondo

Sijamuuliza, lakini najua. Mke wangu ni mhudumu kwenye kituo cha afya, mwaka wa 19 huu. Anadeki, anafua mashuka, anashika wagonjwa. Wanakuja madaktari vijana, anaoweza kuwazaa, wanamtuma chapati. "We mama, hebu." Hawamjui hata jina. Akirudi nyumbani anavua viatu, anamwita binti, "Dokta, niletee maji." Miaka yote hiyo nasikia, nacheka tu.

Mama Nasra wa Tanga

Basi kidonda kiko hapo, na wewe unataka kukitibu kwa kubonyeza simu usiku. Ukithibitisha MD kwa siri, mtoto atamchukia mama yake. Ukithibitisha mifugo kwa siri, mama atakuona umemsaliti. Kaeni watatu, simu iwe mezani. Na uongo wa siku tatu uukiri mwenyewe kabla hujaulizwa, tena mbele ya mkeo, usimsukumie yeye.

Mkweli Daima

Haya. Mkishamaliza vikao ng'ombe watawalipa.

Baba Pacha

Mkweli, mwanangu anawajua waliomaliza MD wanaosubiri ajira mwaka wa pili sasa. Hakuna digrii yenye mkataba wa kazi ndani yake siku hizi.

Mzee wa Nondo

MREJESHO. Poleni kwa kusubiri, jana nilifunga duka mapema.

Nilisubiri tumalize kula. Nikaweka simu mezani, nikamwambia binti: SUA walijibu toka Ijumaa, mimi ndiye sikukujibu. Akaniangalia. "Najua baba. Rafiki yangu wa kambini alinitumia orodha siku ileile." Nikamuuliza, sasa mbona kila siku unaniuliza? Akasema, "Nilikuwa nakusubiri."

Wakuu, nimewahi kudaiwa kodi na TRA, sijawahi kukosa pa kuweka uso kama jana.

Mama yake akanyanyuka kwenda jikoni. Tukasikia sufuria zinapangwa, zinapanguliwa. Akarudi, hakukaa. "Hao ng'ombe utawaweza wewe?" Binti akasema, "Mama, mbuzi wa bibi nani alimzalisha mwaka juzi, na ninyi wote mlikuwa msibani?" Mama yake alitaka kucheka akajizuia. Nikatoa na hesabu ya Baba Pacha, nimeiandika nyuma ya risiti ya saruji, 30 na vikorokoro vyake, na kiwanja. Kuhusu kiwanja alikuwa hajui kama nilishakifikiria. Hapo ndipo alikaa.

Hajakubali, nisidanganye tena. Kasema hatazuia. Leo asubuhi alimwita binti kwa jina lake la ubatizo. Sijui ni miaka mingapi sijalisikia mle ndani, hata binti alichelewa kuitika.

Namba kaiweka binti mwenyewe. Mara ya kwanza alikosea tarakimu moja, mikono inatetemeka, ya pili ikakubali. Nimepiga picha ile sehemu iliyoandika amethibitishwa. Dada wa Dirishani, ubarikiwe. Mama Nasra, shikamoo hata kama nimekuzidi umri.

Daktari wa Iringa, anatakiwa aende na vifaa gani?

Tabibu wa Zizi

Hongereni. Barua ya kujiunga itaeleza yote, ifuateni hiyo. Ila ovaroli na gambuti hakwepi, na gambuti zisimbane, atashinda nazo. Akipita Iringa anitafute, nitampeleka zizini kabla hajaanza, asije akashtukia harufu Morogoro.

Mzee wa Nondo

Gambuti ninazo hapa dukani, ni zilezile za mafundi wa zege. Saizi 38 zilibaki pea moja, rafu ya juu. Mama yake ndiye aliyepanda kigoda kuzishusha mchana huu. Kazifuta vumbi kwa kanga yake, kaziweka pembeni ya mlango, hakusema kitu.

Kijiwe Namba Nne

Umeuza au umetoa? BVM ni mambo ya biashara, mzee.

Mzee wa Nondo

Nimemwandika kwenye daftari la wadaiwa.