Ushauri: Miswada na michoro ya marehemu mjomba itunzwe pamoja au itenganishwe?

Mpwa wa Tanga: Wanajukwaa, habari za leo. Marehemu mjomba wangu alisomea uchoraji Makerere miaka ya 1960, kisha akaishi Tanga akiandika tamthiliya na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Ameacha masanduku ya bati yaliyojaa miswada, barua na madaftari, na kurasa nyingi zina shairi upande mmoja na mchoro wa wino upande wa pili. Muuza sanaa mmoja anataka michoro pekee, na baadhi ya wanafamilia wanaiona hiyo kuwa riziki isiyofaa kuachwa, ilhali mimi ningependa vyote viende kwenye hifadhi ya nyaraka. Je, tutenganishe? Na kwa sasa nivitunze vipi, maana mchwa wamekwisha kuanza kula pembe za daftari moja?

Mhifadhi Nyaraka: Pole kwa msiba, ndugu. Msitenganishe, na wala msipange upya kurasa kwa kufuata tarehe au mada, kwa sababu mpangilio aliouacha mwenyewe ni ushahidi wa namna alivyofanya kazi. David Jones, mshairi na mchoraji aliyefariki mwaka 1974, nyaraka zake zimo katika Maktaba ya Taifa ya Wales pamoja na maandishi aliyoyachora kwa rangi, hivyo mtafiti huona mkono uleule ukiandika na kuchora.

Kuhusu utunzaji, ondoa masanduku sakafuni na ukutani leo hii, na daftari lenye mchwa ulitenge. Ukungu hustawi unyevu wa hewa unapopita takribani asilimia 65, jambo la kawaida pwani, kwa hiyo chagua chumba chenye hewa inayopita, na usifunge karatasi zenye unyevu ndani ya mifuko ya plastiki. Toa polepole pini zilizoshika kutu. Usigandishe kwa selotepu, usilaminishe kama kitambulisho, na namba za kurasa ziandike kwa penseli laini tu. Vipande vya magazeti vitenganishe na michoro kwa karatasi isiyo na asidi, kwa kuwa karatasi ya gazeti huchoma jirani yake.

Binti wa Mombasa: Mimi sikubaliani moja kwa moja. Familia ina ada za shule, na kupeleka nyaraka kwenye hifadhi si lazima iwe sadaka. Serikali ya Kenya ilinunua sehemu kubwa ya makusanyo ya vitabu na sanaa ya Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa zamani, na mengine yanaonyeshwa katika jengo la Nyaraka za Taifa, Nairobi. Ulizeni bei ya mkusanyiko mzima kabla ya kumjibu huyo muuza sanaa. Michoro iliyo kwenye karatasi za peke yake, isiyo na maandishi, hiyo naona inaweza kuzungumziwa, mradi ipigwe picha kwanza.

Wakili Mstaafu: Mtu yeyote asitie saini kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi. Pia kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki: kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, haki za kiuchumi za mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, basi hati iseme wazi ni kipi mnakabidhi. Max Brod alifariki mwaka 1968 akiwa na karatasi za rafiki yake, mwandishi Franz Kafka, na utata wa wosia wake ukazaa kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Israeli mwaka 2016. Ilipofika 2019 ndipo shehena ya mwisho ilipotoka benki ya Zurich kwenda Maktaba ya Taifa, Jerusalem.

Mpwa wa Tanga: Nawashukuru sana. Nianzie wapi hapa nchini?

Mhifadhi Nyaraka: Anza na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo tayari ina miswada ya Kiswahili. Nenda na orodha ya kila sanduku na picha chache, si masanduku yenyewe. Barua zinazotaja siri za watu walio hai ziwekee alama, kwa kuwa mnaweza kukubaliana zifungwe, zisisomwe na watu, kwa miaka kadhaa.