Mjadala: Pete kabla ya sheria, ile ilikuwa ndoa au sherehe tu?

Binti Pwani:
Wadau, jana tumebishana ofisini mpaka chai ikapoa. Naomba tusihamishe goli. Wale watu wa jinsia moja wa Marekani na Ulaya waliovishana pete mbele ya jamaa zao kabla sheria yoyote haijawatambua, walikuwa wanafunga ndoa au wanafanya sherehe tu? Oktoba 1987, Washington, jozi kama elfu mbili walisimama mbele ya jengo la mamlaka ya kodi wakala kiapo kwa pamoja, wachungaji wapo, maua yapo. Jumatatu yake serikali ikawahesabu makapera vilevile. Mimi nasema yale yalikuwa maandamano yaliyovaa suti. Mwenzangu anasema ile ndiyo ndoa hasa, karatasi ilichelewa tu. Dini yako inasemaje siulizi, hilo tunalijua.

Mzee wa Mikocheni:
Siyo ndoa, funga mjadala. Sherehe bila cheti ni pilau tu. Na hapa kwetu wapo tele: wanachangisha milioni thelathini, ukumbi, matarumbeta, emsii anakauka koo, ukiuliza cheti, padri hajui, kadhi hajui, bomani hawajui. Maigizo ni maigizo, awe Mzungu awe jirani yako.

Kijana wa Sinza:
Mbele ya mamlaka ya kodi? Hebu nione mtu afungie harusi pale TRA. Bibi harusi ataombwa namba ya mlipakodi kabla hajavishwa pete.

Binti Pwani:
@Kijana wa Sinza ndiyo ilikuwa hoja yao. Walichagua jengo lile kwa sababu wanandoa wana nafuu za kodi ambazo wao hawakuzipata.

Mama Kulwa:
Mzee wa Mikocheni, hilo la milioni thelathini umemlenga nani? Mahari ilipelekwa, wazee wa pande mbili walikaa, sendofu ilifanyika, shangazi zangu walicheza mpaka asubuhi. Cheti hatujachukua, ndiyo. Leo uniambie niko kwenye maigizo na watoto mapacha ndani?

Mzee wa Mikocheni:
Sikutaja jina la mtu, mama. Jiwe la gizani hilo, ukisikia yalaa ujue limempata.

Mama Kulwa:
Yalaa yako mwenyewe.

Wakili Mchovu:
Kabla hamjararuana. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, jamii ikawajua kama mke na mume, sheria inachukulia kwamba walioana mpaka athibitishe mtu vinginevyo. Mama Kulwa hayuko hewani kabisa. Wale wa Washington hawakuwa na kifungu cha kuwashika mkono. Wangeishi pamoja miaka arobaini, mbele ya sheria wangebaki wapangaji wawili.

Njoroge wa Thika:
Wacha nikuongezee, wakili. Kwetu Kenya Mahakama ya Juu ilisema 2023 hiyo dhana ya ndoa itumike kwa nadra sana, kwa hivyo watu wa njoo-tukae wakae chonjo. Halafu mbona mnaenda mbali hadi Washington? Mmesahau wale Wakenya wawili waliofungishana London 2009? Magazeti yalichemka hapa. Mwaka uliofuata tukapitisha katiba, ibara ya 45 ikaandikwa wazi kwamba mtu ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Denmark ndio walianzisha hii mambo yote, 1988 au hapo.

Shemeji wa Manchester:
Denmark ni 1989, Oktoba mosi. Jozi kumi na moja ukumbi wa jiji Copenhagen, na waliotajwa zaidi ni Axel na Eigil, wazee waliokuwa pamoja takriban miaka arobaini, walishaunganisha majina yao wakajiita Axgil. Lakini ile haikuwa sherehe kabla ya sheria, ilikuwa usajili kamili, ila kanisani hawakuruhusiwa na kuasili watoto hapana. Na hao wa London 2009 vivyo hivyo, ushirika wa kiraia ulikuwepo Uingereza tangu Desemba 2005. Mnachanganya mafaili.

Anachouliza Binti Pwani ni kama lile daftari la London la 2001, enzi za Meya Livingstone. Unakwenda na mwenzako, unalipa ada, mnasema maneno yenu, mnapewa cheti. Na cheti kile kisheria hakikuwa na nguvu yoyote.

Mzee wa Mikocheni:
Ulipie cheti kisicho na nguvu? Afadhali hata emsii.

Shemeji wa Manchester:
Mzee, mimi ni nesi, nimekaa wodini muda mrefu. Ndugu wakigombana mlangoni ni nani aingie, karatasi yoyote ni bora kuliko kutokuwa nayo. Someni kesi ya Sharon Kowalski, Minnesota. Alikuwa na mwenzake, wamevishana pete, nyumba wamenunua pamoja. 1983 gari lake likagongwa, akabaki hawezi kujieleza. Baba mzazi akapewa ulinzi wa mgonjwa, mwenzake akazuiwa hata kumwona kwa miaka. Mahakama ilimpa mwenzake ulinzi huo mwishoni mwa 1991. Na pete walishavishana zamani.

Binti Pwani:
Basi hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Pete haikufungua mlango.

Mtumishi Elia:
Dada, tusidanganyane kwamba dini haimo. Sherehe zile zilianzia kanisani. Troy Perry alianzisha kanisa lake Los Angeles 1968 na alikuwa akiwafungisha kabla serikali haijafikiria. Halafu Wamethodisti wakaparurana. Mchungaji Creech wa Omaha alifungisha wanawake wawili 1997, akashtakiwa kanisani, akaponea chupuchupu. Akarudia kwa wanaume wawili, 1999 wakamvua uchungaji. Mimi siungi mkono, lakini mtu hapotezi mkate wake kwa ajili ya maigizo. Waliomshtaki walijua ile ni ndoa, ndiyo maana walikasirika.

Kijana wa Sinza:
Tunajifanya tunashangaa Wazungu, Wakurya wanawake wanaoana toka enzi za mababu na hakuna aliyeandamana.

Chacha Mwita:
NANI KAKUAMBIA? Koma kabisa. Nyumba ntobhu unaisikia tu vijiweni Sinza. Mama mzee hana mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe, anaoa binti, binti anazaa na mwanamume, watoto ni wa ukoo wa yule mama. Hakuna mapenzi pale kati ya mama na binti. Ni mji usife. Usilinganishe bibi yangu na mambo ya Washington.

Kijana wa Sinza:
Nimesema wanaoana, Chacha. Habari ya mapenzi umeileta wewe.

Chacha Mwita:
Njoo Tarime useme hivyo mbele ya wazee.

Njoroge wa Thika:
Wanandi pia wako nayo. Mahakama Kuu ya Mombasa 2011, mama amekufa, mke wake na jamaa wa ukoo wanagombania mirathi. Jaji Ojwang akasema huyo mwanamke ni mke halali kwa mila, mali iende kwake.

Mtumishi Elia:
Ojwang yule aliyekuwa Mahakama ya Juu?

Njoroge wa Thika:
Huyo huyo, kabla hajapanda.

Binti Pwani:
Ngoja kwanza. Kwa hiyo jaji hakuuliza cheti? Aliuliza mila ilifuatwa au la? Basi kumbe sherehe na mashahidi vinatosha?

Wakili Mchovu:
Vinatosha pale sheria inapoyatambua yale yaliyofanyika. Malawi, Desemba 2009, Blantyre, wawili walifanya chinkhoswe, uchumba wa mila hadharani, mashahidi kibao. Wakapigwa miaka kumi na minne, kazi ngumu. Rais Mutharika akawasamehe mwezi uleule wa hukumu, Mei 2010. Mashahidi hao hao, mila hiyo hiyo, ikawa ushahidi wa upande wa mashtaka.

Chacha Mwita:
Sawa, lakini Kijana wa Sinza hajaomba radhi.

Kijana wa Sinza:
Na sitaomba. Nikuulize swali la kweli: binti akiondoka, ng'ombe wanarudi?

Chacha Mwita:
Ng'ombe lazima warudi. Unadhani ni zawadi?

Mzee wa Mikocheni:
Mnaona? Hata Tarime kuna hesabu rasmi. Mama Kulwa pekee ndiye hana.

Mama Kulwa:
Wakili, achana na huyu. Nikuulize kwa faida ya wengi: baba Kulwa akitangulia, shemeji zangu wakaja kudai nyumba, hicho kifungu cha 160 kinatosha?

Wakili Mchovu:
Utasimama mahakamani kuthibitisha. Majirani, picha, barua za mahari, mwenyekiti wa mtaa. Na wao wana haki ya kukupinga. Kama wote mko hai na mnaelewana, nendeni kwa Mkuu wa Wilaya mkafunge ya kiserikali. Siku ishirini na moja za tangazo, mambo yameisha.

Mzee wa Mikocheni:
Ndicho nilichosema tangu asubuhi.

Mama Kulwa:
Nitakwenda. Na wewe kadi ya sendofu yangu uliichukua, ahadi yako mpaka leo sijaiona. Namba yangu ni ileile.