Seva ya idara: tuzime X11 kupitia ssh, au tuiache?

Mtoa mada:
Wakuu, heshima kwenu. Natunza seva ya idara moja chuoni. Wanafunzi wa uzamili na walimu wanaingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mawasiliano ya siri), wanaandika amri zao, wanatoka. Wapo wanaoongeza -X kwenye amri ili programu yenye madirisha iendeshwe kwenye seva lakini dirisha lake litokee kwenye laptop zao. Wiki iliyopita mwenzangu wa kitengo cha kompyuta kaniandikia: zima X11Forwarding (mpangilio wa seva unaoruhusu hilo) leo hii, ni tundu la usalama na ni teknolojia iliyozeeka.

Mimi nataka ibaki. X, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux na Unix, ilianzia chuo cha MIT mwaka 1984, na toleo la 11 tunalotumia (ndiyo X11) ni la 1987. Tangu mwanzo ilijengwa ili programu ikae kompyuta hii na skrini ikae kompyuta ile. Tatu Ylönen alipoitoa ssh kule Helsinki mwaka 1995, ikaja na njia ya kupitisha madirisha hayo ndani ya mawasiliano yaliyofungwa kwa siri. Ukiingia, seva inakuwekea DISPLAY=localhost:10.0 (anwani ya skrini yako), inasikiliza kwenye poti 6010, na programu ya xauth inatunza ufunguo wa kikao chako. Basi. Hakuna desktop nzima ya kula RAM. Anayehitaji dirisha moja anapata dirisha moja. Naomba kuwasilisha.

Mtunza seva, Arusha:
Mkuu, hapo sikuungi mkono. Wewe unaitazama seva, wakati hatari iko kwenye laptop ya mwanafunzi. Njia ile inapitika pande zote mbili. Mtu mwenye root (mamlaka yote) kwenye seva anasoma faili la .Xauthority, anachukua ufunguo, na kupitia poti ileile anafika kwenye skrini ya mtoto wa watu aliye hosteli. X haikujengwa kutenganisha programu: moja inaweza kusikiliza vibonyezo vya nyingine na kupiga picha ya skrini nzima. Ukiwa umeacha dirisha la grafu wazi huku unaandika neno la siri la benki kwenye kivinjari, aliyeishika seva anaweza kulisoma.

Utaniambia -X ina kinga na ndugu yake -Y ndiyo isiyo nayo. Ni kweli kwa OpenSSH yenyewe, programu ya ssh tunayoitumia. Lakini Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, zimeweka ForwardX11Trusted yes (yaani programu ya mbali iaminiwe bila kinga), kwa hiyo huko -X na -Y ni kitu kimoja. Wanafunzi wako wangapi wanalijua hilo? Wenye OpenSSH wenyewe, upande wa seva, wameiacha X11Forwarding ikiwa "no". Mimi kwangu nimezima.

Mtafiti wa ramani, Morogoro:
Kaka zangu, naomba niseme kama mtumiaji. Picha zangu za setilaiti ziko kwenye seva, nzito, siwezi kuzishusha kwa bando. Siku moja nilifungua QGIS, programu ya ramani, kwa -X kupitia hotspot ya simu. Kwanza likaja fremu tupu la kijivu. Kisha menyu bila maandishi. Kisha vitufe, kimoja kimoja. Nikabofya kukuza ramani, kimya. Nikadhani sijabofya, nikabofya tena, mara ramani ikaruka hatua mbili hadi nikapoteza shamba nililokuwa nachora.

Hayo nilivumilia. Saa kumi jioni umeme ukakatika, mnara wa simu nao ukazimika, ssh ikakata, na QGIS ikafa papo hapo kule kwenye seva, pamoja na mipaka niliyokuwa nimechora kwa mkono tangu asubuhi bila kuhifadhi. Nilikuwa nimeifungulia ndani ya tmux, inayotunza kazi ya terminali hata ssh ikikata, nikijua niko salama. Kumbe tmux inaokoa terminali tu. Programu ya X ikipoteza skrini yake, inazimika. Nililia.

Hata hivyo nasema msizime. Nikiwa chuoni kwenye mtandao wa ndani, dirisha la grafu ya R (lugha ya takwimu) linafunguka mara moja, na kwa mtu anayejifunza, kuiona grafu palepale ni jambo kubwa.

Mtoa mada:
Pole sana dada. Ulichokiona kina sababu, na wala si kwamba bando lako lilikuwa dogo. Programu inapofunguka kwa X inauliza maswali mengi, na mengine haiwezi kuendelea kabla ya kujibiwa. Chukua maswali 200, kila moja liende na kurudi kwa milisekunde 150: hizo ni sekunde 30 kabla hujagusa kitu. Ukinunua kasi kubwa zaidi, safari haifupiki. Tena zamani programu ilituma amri fupi, "chora mstari kutoka hapa hadi pale". Za siku hizi zinachora zenyewe kule kule na kutuma picha iliyokamilika, ndiyo maana hata bando linaisha.

Mkuu wa Arusha, kuhusu Debian umenishika, sikuwa nimewaambia wanafunzi. Lakini maelezo ya sshd yenyewe (ssh ya upande wa seva) yanasema kuzima X11Forwarding hakumzuii mtumiaji kupitisha X, kwa sababu anaweza kuweka kipitishio chake mwenyewe. Tukizima, wanaojua watapita pembeni, na asiyejua ndiye atakayekosa grafu yake.

Mchangiaji mwingine:
Mnagombania kitu kinachoondoka. Wayland, mrithi wa X, ilianza 2008, na RHEL 10 (Linux ya Red Hat) ya mwaka 2025 imeiondoa seva ya Xorg, yaani X yenyewe, ikabakiza Xwayland inayoendesha programu za X ndani ya Wayland. Waanze kuzoea waypipe, inayopitisha madirisha ya Wayland kupitia ssh.

Mtunza seva, Arusha:
Xwayland ikiwepo, -X itaendelea kufanya kazi, kwa hiyo swali letu liko palepale. Mtoa mada, la kipitishio nalikubali, ni kweli sizuii mjuzi. Ninachokataa ni kumfungulia kila mtu mlango ambao hajui kuwa upo. Kwa nini usiufungue kwa wanaouhitaji tu?

Mtoa mada:
Hilo nalichukua. Nimeandika hivi kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya sshd:

X11Forwarding no
Match Group madirisha
    X11Forwarding yes

Anayeomba kuingizwa kwenye kundi nakaa naye, tunaweka ForwardX11Trusted no kwenye laptop yake kwanza. Baadhi ya programu zitagoma, na baada ya dakika 20 madirisha mapya yatakataliwa. Nitayapokea malalamiko hayo mimi. Wa R wanaotaka grafu tu, png() inatoa faili la picha, na wa Jupyter (daftari la kuandikia programu kwenye kivinjari) wanapitisha poti kwa -L ya ssh bila X kabisa.

Mtafiti wa ramani, Morogoro:
Na sisi wa mbali wenye QGIS, kaka?

Mtoa mada:
Kwenu nimesanikisha xpra jana usiku. Mtandao ukikata, programu inabaki hai kwenye seva, ukirudi unaliunganisha tena dirisha lako lilivyokuwa. Jaribu leo jioni na ramani ndogo, uzime hotspot makusudi, kisha uniambie umekuta nini.