Ndoa za jinsia moja Marekani: tuzipiganie kwenye mabunge ya majimbo, tusiiachie mahakama peke yake

Wakuu, naleta hoja hii hasa kwa ninyi mnaoishi Marekani na kupiga kura huko. Wengi wetu tunajitokeza siku ya kumchagua rais, lakini mbunge wa jimbo hatumjui hata jina. Msimamo wangu nauweka wazi: naunga mkono haki ya watu wa jinsia moja kuoana, na naamini ngome yake sasa ni mabunge ya majimbo.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani inayoitwa Obergefell, ya tarehe 26 Juni 2015, ilipita kwa majaji 5 dhidi ya 4. Iliruhusu ndoa hizo nchi nzima, lakini haikufuta maneno ya marufuku yaliyomo kwenye katiba za majimbo. Iliyazima tu. Zaidi ya majimbo 20 bado yana marufuku hizo, katika katiba au sheria zake, na siku mahakama itakapobadili msimamo zitaamka. Juni 2022 mahakama hiyohiyo ilifuta haki ya kutoa mimba iliyodumu karibu miaka 50, na Jaji Clarence Thomas akaandika kwamba Obergefell nayo iangaliwe upya. Desemba mwaka huo Rais Biden alitia saini sheria inayozitaka serikali kuu na majimbo kuitambua ndoa iliyofungwa kihalali kwingine. Hakuna mstari ndani yake unaolilazimisha jimbo kutoa leseni ya ndoa. Januari 2025, Baraza la Wawakilishi la Idaho lilipitisha azimio la kuiomba mahakama itengue Obergefell. Novemba 2025 majaji walikataa kusikiliza rufaa ya karani wa zamani wa Kentucky aliyeomba hivyohivyo. Nilifurahi, lakini sikulala fofofo.

Mfano ninaoushikilia ni New York. Desemba 2009 Seneti ya jimbo iliukataa muswada wa kuruhusu ndoa hizi kwa kura 38 dhidi ya 24. Tarehe 24 Juni 2011 ikaupitisha, 33 kwa 29, maseneta wanne wa Republican wakiuacha msimamo wa chama chao. Katikati ya kura hizo mbili kulikuwa na kazi. Baadhi ya waliopiga kura ya hapana walishindwa uchaguzi wa 2010, familia zilibisha hodi ofisini kwa maseneta, Gavana Andrew Cuomo akaubeba muswada kama wake. Kikaongezwa pia kifungu kinachowalinda viongozi na taasisi za dini wasishtakiwe wakikataa kufungisha ndoa hizo. Wale wanne walilipa gharama: uchaguzi wa 2012 ulipokwisha, aliyebaki na kiti alikuwa Mark Grisanti peke yake. Mwanasiasa anayeweka kiti chake rehani kwa ajili ya haki ya mtu mwingine anastahili heshima, hata kama ni wa chama nisichokipigia kura.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu, haki haipigiwi kura. Mwaka 1967 mahakama iliporuhusu weusi na weupe kuoana, majimbo 16 yalikuwa bado yanakataza. Wangesubiri mabunge ya Kusini, wangesubiri mpaka lini?

Mchangiaji wa pili: Mimi ni muumini, ndoa ni mume na mke. Wananchi wa majimbo takriban 30 walipiga kura kuzikataza ndoa hizi. Leo mnataka wabunge wawapindue?

Mwanzisha mada: Nashukuru kwa wote wawili.

Kwako wa kwanza: sisemi tuiache mahakama. Lakini umeutaja mwaka 1967, basi tuutazame vizuri. Marufuku ile ilibaki kwenye katiba ya Alabama hadi 2000, na ilipopigiwa kura iondolewe, takriban asilimia 40 walitaka ibaki. Miaka 33 baada ya hukumu! Mahakama ilifungua mlango, lakini hapakuwa na mtu aliyekwenda kuwashawishi wale majirani. Iowa nako, majaji watatu wa mahakama ya juu ya jimbo waliokuwa kwenye hukumu ya 2009 ya kuruhusu ndoa hizi waliondolewa na wapiga kura mwaka uliofuata.

Kwako wa pili: imani yako haiguswi. Minnesota, muswada wa 2013 ulirekebishwa ili sheria itaje ndoa ya kiserikali, isiingie kanisani wala msikitini. Kuhusu wananchi, nao hubadilika. Maine walikataa 2009 wakakubali 2012. California walipiga marufuku 2008, wakaiondoa wenyewe kwenye katiba 2024. Na New Hampshire, mwaka 2012, Baraza la Wawakilishi lililojaa Warepublican lilipoletewa muswada wa kufuta ndoa hizi, liliukataa kwa kura 211 dhidi ya 116. Walikuwa wameishi na sheria ile tangu 2010 na kuwaona waliooana ni watu wa mtaani mwao. Kule mbunge mmoja huwakilisha watu wasiofika 4,000. Unakutana naye dukani.

Katika majimbo mengi, marufuku iliyo kwenye katiba haifiki kwa wananchi bila kupita kwanza bungeni. Virginia wanataka badiliko lipite bungeni mara mbili, uchaguzi ukiwa katikati, ndipo lipigiwe kura na wananchi. La kuondoa marufuku ya 2006 lilipita mara ya kwanza mwaka 2025. Nani aliyekuwa anafuatilia?

Sasa nawauliza mlioko Texas, Ohio, Georgia, kwenye majimbo ambayo marufuku bado imeandikwa: mbunge wako wa jimbo ana msimamo gani, na nani kati yenu ameshawahi kumwandikia?