Retina ya kisukari: kwa nini jicho moja sindano, jingine leza?

Nuru77
Wataalamu wa macho, naomba ufafanuzi. Mgonjwa ana miaka 58, kisukari aina ya pili kwa miaka 14. Jicho la kulia makula (katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) imevimba: skani ya OCT, inayopima unene wa retina, inaonyesha unene wa katikati ni mikroni 430, na anasoma 6/24 (kwa mita 6 anaona kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kwa mita 24). La kushoto anasoma 6/9, ila imeandikwa kuwa mishipa mipya imeota kwenye retina. Kulia ameandikiwa sindano kila mwezi, kushoto leza. Familia inauliza: mbona linalochomwa leza ndilo linaloona vizuri? Sindano zinaisha lini? Nami naongeza: dalili zipi zinaonyesha kwamba mambo yanaelekea kwenye upasuaji?

Leza532
Nianze na la kushoto, maana ndilo huwachanganya wengi. 6/9 inapima makula tu, kile kipande kidogo cha katikati ya retina tunachosomea. Pembeni huko vishipa vinaweza kuwa vimeziba bila mgonjwa kuhisi chochote, kwa sababu retina haina hisia ya maumivu. Sehemu iliyokosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, na protini hiyo ndiyo inayootesha mishipa mipya. Shida ni kwamba mishipa hiyo haina nguvu na inashikamana na ute uliojaa ndani ya jicho. Ute ukivutika, inapasuka na damu inajaa jichoni. Baadaye inageuka kovu linaloivuta retina.

Leza inaunguza kwa makusudi sehemu za pembeni zenye njaa ya oksijeni ili VEGF ipungue. Kwa mashine ya kawaida ni mipigo 1,200 hadi 1,600, kila mmoja sehemu ya kumi ya sekunde, na aghalabu hugawanywa kwa vikao viwili au vitatu. Mashine za mipigo mifupi zaidi zinahitaji mipigo mingi kuliko hiyo. Mwelezeni mapema: leza hairudishi uoni uliopotea, inalinda uliobaki. Kuona gizani na pembeni kunaweza kupungua kidogo. Asiyeambiwa hili hudhani ameharibiwa jicho, na kikao cha pili haji.

Kulia ni tatizo jingine ingawa chanzo ni kilekile: VEGF imelegeza kuta za vishipa, maji yanavuja na kutuama kwenye makula. Kwa kawaida unene wa katikati ya makula huwa chini kidogo ya mikroni 300. Hapo sindano ina faida kuliko leza.

Sindano_Salama
Naendelea hapo. Dawa za sindano hizi huzuia VEGF: Avastin hupigwa miligramu 1.25, Lucentis 0.5, Eylea 2, zote ndani ya mililita 0.05 tu. Uoni ukiwa 6/15 au chini yake, kama huyu, Eylea huleta nafuu kubwa zaidi ya Avastin katika mwaka wa kwanza. Uoni ukiwa bora kuliko hapo tofauti haionekani sana, kwa hiyo kuanza na Avastin si kosa.

Zinaisha lini? Dawa inazuia VEGF kwa wiki chache tu. Vishipa vilivyoharibika vinabaki vilevile. Mwaka wa kwanza sindano 8 hadi 10 ni jambo la kawaida, wa pili hupungua karibu nusu, na baadhi huacha kabisa. Anayeambiwa "sindano tatu umepona" anadanganywa. Uvimbe ukigoma baada ya kama sindano sita, kuna kidonge kidogo cha steroidi kinachowekwa ndani ya jicho na kudumu miezi mitatu hadi minne, ila kinaweza kupandisha presha ya jicho na kuharakisha mtoto wa jicho.

Namna inavyofanyika: matone ya ganzi, kisha povidoni-iodini ya asilimia 5 kwenye kope na juu ya jicho, na hatua hii hairukwi hata siku ya foleni ndefu. Kope hushikiliwa wazi na kifaa. Sindano nyembamba ya geji 30 inaingia kwenye weupe, milimita 4 kutoka ukingo wa konea (kioo cha mbele cha jicho), au 3.5 kama lenzi ilishabadilishwa. Anayechoma na anayechomwa wote wanyamaze au wavae barakoa, maana bakteria wa mdomoni ndio wabaya zaidi. Ikishatoka, mgonjwa aulizwe anahesabu vidole vingapi. Haoni kabisa, presha imepanda na lazima ishughulikiwe palepale.

Doa jekundu kwenye weupe si la kuogopa. Maumivu yanayozidi, wekundu na ukungu kati ya siku ya pili na ya tano ni maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni nadra, chini ya sindano moja katika 1,000, lakini arudi siku hiyohiyo.

Nuru77
Ahsanteni. Je, kushoto nako sindano pekee isingetosha tukaepuka kuunguza?

Leza532
Kwa mgonjwa asiyekosa miadi, inaweza. Akipotea miezi sita, mishipa inaota upya kwa kasi, na jicho lililotegemea sindano tu mara nyingi huharibika kuliko lililopigwa leza. Leza haijali kama umerudi au hukurudi.

Ute_Safi
La upasuaji sasa. Sababu kubwa ni tatu: damu isiyosafika, kovu linalovuta retina likikaribia makula, na retina iliyochanika au kubanduka. Vimulimuli vya ghafla, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, au pazia linaloingia kutoka upande mmoja: hospitali siku hiyo. Makula ikiwa bado imeshika, saa zina maana. Na kama jicho tayari lina kovu kubwa, sindano ya kuzuia VEGF inaweza kulikaza kovu ndani ya wiki chache na kubandua retina, kwa hiyo tarehe ya upasuaji iwe imeshapangwa.

Ute ukitolewa, mara nyingi jicho hujazwa gesi: SF6 hukaa kama wiki mbili, C3F8 wiki sita hadi nane. Wakati huo hakuna kupanda ndege, na daktari yeyote wa usingizi aambiwe asitumie gesi ya nitrasi oksidi, kwa kuwa gesi iliyo jichoni hutanuka na kuziba mshipa mkuu wa damu wa retina. Mafuta ya silikoni, yanayowekwa badala ya gesi, hayana katazo hilo, ila kwa kawaida huhitaji upasuaji wa pili wa kuyatoa.

Jambo moja linalosahaulika: angalieni orodha ya dawa zake za kisukari. Pioglitazoni inaweza kuongeza uvimbe wa makula. Na sukari ikishushwa ghafla, retina inaweza kuzidi kuharibika kwa miezi ya mwanzo kabla ya kutulia, kwa hiyo akibadilishiwa dawa kwa nguvu, miadi ya macho isogezwe karibu.