Naomba ushauri: neno la Kilatini "cruditas" nilitafsirije?

Habari zenu wakuu. Najifunza Kilatini na nimekwama kwenye neno moja wiki nzima.

Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, akiusifu uzee, anasema mzee hana karamu wala vikombe vya kila mara, kwa hiyo "caret ergo etiam vinulentia et cruditate et insomniis". Yaani ameepukana na ulevi, hiyo cruditas, na kukosa usingizi.

Sarufi yake nadhani nimeielewa. Ni nomino ya kike, kundi la tatu: cruditas, cruditatis. Mwanzo nilitegemea kuona cruditatem, kama yambwa ya kawaida, kumbe kitenzi careo (kukosa, kuepukana na) hudai ablativo, yaani umbo la nomino ambalo huweza kuonyesha kutengana na kitu, ndiyo maana ikawa cruditate. Nikikosea hapo nirekebisheni.

Shida yangu ni maana. Neno limetoka kwenye crudus, yaani mbichi. Chakula kimekaa tumboni bado "kibichi", hakijasagika. Picha hiyo naipenda sana na sitaki ipotee. Nimeandika "kuvimbiwa", kwa sababu kunabeba ile hali ya mtu aliyekula pilau kupita kiasi, amelegeza mkanda na hapumui vizuri. Lakini ubichi umepotea. "Kiungulia" nimekikataa, hicho ni moto wa kifuani. "Chakula kutosagika" ni sahihi ila kinasomeka kama maneno ya daktari.

Je, nibaki na kuvimbiwa? Au kwenu, hasa watu wa pwani, kuna neno linalogusa chakula kulala tumboni? Natanguliza shukrani.