Wachapaji wa fulana, andikeni kwenye proforma mnachapa kwa njia gani!

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoshwa na tabia iliyoota mizizi katika baadhi ya maduka ya uchapaji ya hapa Dar es Salaam, ya kumwandikia mteja proforma (ankara ya awali inayotolewa kabla ya kazi) yenye mstari mmoja tu usemao "fulana zenye nembo, chapa ya kidijitali", kupokea malipo yake ya awali, kisha kumwachia hasara. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiliagiza fulana nyeupe za pamba tupu kwa ajili ya mkutano wa mwaka, zenye nembo ya kijani kifuani, na mwenye duka akatuhakikishia kwamba rangi haitatoka. Zilipofuliwa mara ya kwanza tu, nembo ilipauka hata maandishi yake hayasomeki. Tulipozirudisha, tulijibiwa kwamba tulilipia chapa ya kidijitali, na chapa ya kidijitali ndiyo tuliyopewa.

Jibu hilo halikubaliki. Chini ya maneno hayo mawili zimo njia zinazotofautiana kabisa, na kila fundi anazijua. Ipo sablimesheni, ambayo wino wake huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi hulazwa juu ya kitambaa ndani ya hiti presi (mashine ya kukandamiza kwa joto) kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, wino ukageuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi za poliesta, yaani kitambaa kisicho cha asili. Kwenye poliesta nyeupe rangi hiyo hudumu kama kitambaa chenyewe. Kwenye pamba haina pa kushika, kwa hiyo huondoka na maji, na hicho ndicho kilichofanyika kwetu. Sablimesheni pia haina wino mweupe, ndiyo maana haifai kwa fulana nyeusi, na vikombe vya udongo navyo sharti viwe vimepakwa utando maalumu unaopokea wino huo. Ipo DTG, ambayo mashine humwaga wino moja kwa moja juu ya fulana, na inafaa sana kwa pamba, ila fulana ya rangi nzito lazima ipakwe dawa kabla ya kuchapwa. Ipo pia DTF, ambayo picha huchapwa juu ya filamu, ikanyunyiziwa unga wa gundi, ikapashwa moto hadi unga uyeyuke, kisha ikabandikwa kwa hiti presi. Hii hushika kwenye pamba na kwenye poliesta pia. Fundi aliyeshika mkononi fulana ya pamba na bado akachagua sablimesheni hawezi kudai kwamba mteja ndiye alipaswa kujua.

Hata skrini, njia ya zamani ya kupitisha wino kwenye wavu uliowambwa kwenye fremu, ambayo wengi tunaiamini, ina mahali pake pa kudhulumiwa. Kila rangi inahitaji fremu yake, kwa hiyo gharama ya maandalizi ni kubwa kwa fulana chache na hupungua kwa kila fulana idadi inapoongezeka. Wino wa plastisoli, yaani wino wa plastiki unaotumika kwa skrini, usipopashwa joto la kutosha, ambalo kwa kawaida ni karibu nyuzi 160 hadi kwenye tabaka la chini, hukauka juu tu, ukapasuka na kubanduka. Mteja hawezi kuliona hilo dukani, na fundi mwenye haraka anajua kwamba haliwezi kuonekana siku hiyo.

Suala la picha nalo linaniudhi vilevile. Duka hupokea nembo iliyotumwa kwa WhatsApp, ikiwa tayari imebanwa na kupoteza ubora, likaikubali bila neno lolote. Picha yenye upana wa pikseli 600, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inatosha inchi 2 tu, yaani kama sentimita 5. Ikitandazwa mgongoni kwa sentimita 30, hubaki na nukta zipatazo 50 kwa inchi, na kingo zake huonekana zimemeguka. Anayepaswa kusema "tuletee faili la vekta", yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora, ni mchapaji, kabla hajapokea fedha. Ni yeye pia anayepaswa kueleza kwamba kijani kinachong'aa kwenye simu hutokana na mwanga, ilhali mashine huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na kwamba vijani vingine havifikiki kwa mchanganyiko huo. Kama rangi ya nembo ni lazima iwe ileile, basi namba ya Pantone, mfumo wa kuzipa rangi namba maalumu, iandikwe kwenye oda. Mfumo huo upo tangu 1963 na si jambo geni kwa yeyote mwenye karakana.

Tena msituonyeshe picha ya kompyuta ya fulana iliyopachikwa nembo na kuiita sampuli. Sampuli ni fulana moja iliyochapwa kwa wino uleule, juu ya kitambaa kilekile, ambayo mteja anaweza kwenda nayo nyumbani akaifua.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Wapo wanaoacha maelezo yenyewe yakiwa hewa ili pasiwe na cha kulinganisha, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Nadai proforma itaje njia ya kuchapa, aina ya kitambaa na uzito wake kwa gramu za mita ya mraba, ukubwa wa nembo kwa sentimita, na namba ya rangi, au idadi ya mishono ikiwa ni kazi ya kudarizi.

Kikundi chetu kimeshaandika barua ya kudai kuchapiwa upya au kurudishiwa fedha, na fulana iliyofuliwa tumeiambatanisha. Wachapaji mliomo humu, nataka kusikia kutoka kwenu: nani anaandika mambo hayo kwenye proforma zake, na asiyeandika ana sababu gani?